Mlango wa Bafu la Mzee Ambindwile

Mwaka ule wa tisini na tatu Tukuyu ilishikwa na ugonjwa wa vigae. Biashara imefunguliwa, vyoo vya kukalia vinashushwa kwenye malori kama mikungu ya ndizi, na kila nyumba bafu linavunjwa. Hezron naye alivunja. Sasa yuko kwenye benchi la Jaffari muuza kahawa, katoka hospitali kumtazama baba yake, mzee Ambindwile, aliyevunjika paja. Jaffari, maarufu kama Redio, hakumwacha hata apige funda la kwanza.

— Bafu jipya liko ndani, mzee kaangukia migombani! Alifuata nini na mvua hii?

— Alifuata haja, Redio. Mlango wa nje wa bafu tuliuziba. Bwana afya alisema sheria ya ujenzi hairuhusu mlango kufungukia juu ya karo la maji machafu. Akataka tupitie sebuleni.

— Na sebuleni yupo mkeo, — alidakia Andrea, fundi mstaafu waliyembandika jina la Nondo. — Mzee wa Kinyakyusa apite mbele ya mkwewe na taulo? Bora afe!

Neno hilo lilimchoma Hezron, kwa kuwa mzee alikuwa amebakiza kidogo sana afe kweli.

— Sheria hizo zimekuja na vyoo, boksi moja! — Redio alipandisha sauti. — Masharti ya mkopo! Wazungu wana habari gani na wakwe? Mgeni njoo, mwenyeji apone!

— Wapi! — Nondo alikataa. — Ni kodi ya maendeleo. Mgambo wakibisha mbele, wewe unatokea bafuni, huyoo, hadi kijijini Lupepo! Ndiyo maana wanaziba. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

— Mlango si ufa, Nondo.

— Kwa halmashauri ni ufa!

Walicheka. Hezron naye alicheka, maana halmashauri ikilaaniwa, yeye anapumua.

Bibi mmoja wa Isongole alikuwa ameshusha mzigo wake wa viazi pale apumzike.

— Mugonile, wanangu. Huyo mzee, mlimuuliza kabla ya kuziba?

Redio alishika birika. Nondo alitazama barabarani. Hezron aliinamisha uso. Bwana afya alimuuliza yeye, Hezron, mara mbili. Fundi alimuuliza. Hata muuza vigae wa Mbeya alimwomba ushauri wa rangi. Mzee alikaa barazani siku zote tatu za ujenzi, akiwatazama, na hakuna aliyemwambia neno.