Ikupa na Mkia wa Kitambaa

Waombolezaji wapendwa, mlioshuka kutoka Ibaba na mliovuka mpaka wa Zambia alfajiri kutoka Nakonde, poleni kwa safari na poleni kwa msiba, familia inawasomea maisha ya Ikupa Osea Kibona kama yalivyokuwa, bila kutia chumvi.

Ikupa alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 katika kata ya Ibaba, wilaya ya Ileje, mtoto wa tatu wa Mzee Osea Kibona na marehemu mama Marta, akasoma shule ya msingi hukohuko kuanzia mwaka 1987 hadi 1993, akamaliza kidato cha nne Vwawa mwaka 1997, na mwaka 2001 akaajiriwa hapa Tunduma katika ofisi ya wakala wa forodha, ambako alikaa kitini miaka kumi na nane akiandika nyaraka za malori. Tarehe 6 Desemba 2003 alifunga ndoa na Rabson Sichone, fundi wa kuchomelea trela hapa Chapwa, wakajaliwa watoto wawili, Danford mwaka 2005 na Erica mwaka 2009.

Kiti kile kilimwachia mgongo mbovu, daktari akamsisitizia mazoezi, na Agosti 2019, akiwa Lusaka kikazi, akaona wanawake wa rika lake wakipanda vitambaa vilivyofungwa darini na kuzunguka kwenye nguzo za chuma, akajiunga siku hiyohiyo, na siku hiyohiyo akashindwa kujiinua hata shubiri moja. Wengine tungeishia hapo, yeye akarudi na kitambaa kirefu cha zambarau, akamwomba mumewe amchomelee nguzo, naye Rabson, fundi ni fundi, akaipaka grisi isishike kutu, basi Ikupa alipoikumbatia akateremka moja kwa moja hadi kwenye makalio, akacheka mpaka machozi. Mikono na miguu ilipovilia damu kwa mazoezi, majirani walimleta balozi wa nyumba kumi amkanye Rabson aache kupiga mke, ikabidi balozi akaoneshwe nguzo yenyewe.

Januari 2020 alikodi ghala la mahindi lenye paa refu, akafungua darasa la kina mama, na kila asubuhi alining'iniza kwanza magunia mawili ya mahindi kwenye kila boriti kabla binadamu hajapanda. Mwanafunzi wake wa kwanza, Bushra, muuza vitenge, ndiye aliyeshona mapazia ili wenzake wajisikie huru. Sheria za Ikupa zilikuwa mbili, kwamba anayeanza ashikiwe mkia wa kitambaa na mtu wa chini ili asiyumbe, na kwamba aliyeinuka shubiri apigiwe makofi sawasawa na aliyefika darini.

Lakini Ibaba ilifika habari kwamba Ikupa anacheza nguzo kama za baa, na Mzee Osea, mzee wa kanisa, akakata mguu kuja Chapwa, miaka minne hakupokea simu ya mwanawe. Jambo hilo lilimuuma kuliko ugonjwa uliomjia baadaye, hatulifichi kwa sababu mwenyewe hakulificha, alitamani baba yake aje amwone akipanda, mara moja tu.

Juni 2023 aligundulika na saratani ya titi, akatibiwa Mbeya, na tarehe 16 Novemba 2024 baba akatokea ghalani bila taarifa, akaketi juu ya magunia. Ikupa, ambaye nguvu zilikuwa zimemwishia, akashika kitambaa, akainuka shubiri moja, kikaanza kuyumba, na mzee akaweka fimbo chini, akamwuliza Bushra pa kushika, akaushika ule mkia kwa mikono miwili, akamwomba mwanawe radhi mbele ya wanawake wote. Jamani, makofi ya siku ile yalisikika hadi barabarani.

Ikupa alifariki asubuhi ya tarehe 9 Februari 2025 nyumbani kwake, akiwa na mumewe na watoto. Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Mbeya, wafanyakazi wenzake wa forodha, majirani wa Chapwa pamoja na balozi wetu, na kina mama wa ghalani waliompikia uji kwa zamu bila kuombwa.

Jeneza litashushwa kwa kitambaa chake cha zambarau, Bushra amekipima jana kwa magunia mawili, kaka zake na wanafunzi wake watashika pande zote, na Mzee Osea ameomba mkia aachiwe yeye.

Shuka taratibu, Ikupa, baba ameshika, pumzika kwa amani.