Kibanda cha Ndala

Benchi la kijiwe hiki lina miguu mitatu ya mbao na mmoja wa tofali, nalo limeegemea ukuta wa chumba cha Dobi, mzee anayenyoosha nguo za mtaa mzima kwa pasi ya mkaa. Muuza kahawa akipita alasiri na birika lake, huwakuta wenyewe wameshakaa: Karani, aliyestaafu baada ya kujaza fomu za watu miaka thelathini, na Breki, dereva wa lori aliyepewa jina hilo kwa sababu mdomo wake hauna. Dobi husimama mezani kwake na kuchangia kupitia dirishani. Kilichowakutanisha ni mji mmoja mdogo wa ziwani. Wote watatu hujiita watu wa mji ule, ingawa ukiwabana sana watakubali kwamba kwao hasa ni pembeni kidogo.

Siku hiyo walikuwa wanamuaga Dobi. Kesho yake alfajiri alikuwa apande basi kurudi, kwa mara ya kwanza tangu aondoke akiwa na miaka kumi na saba. Barua alizomwandikia mama yake hazikujibiwa hata moja, na maisha nayo yakamshika. Sasa mvi zimejaa na hakutaka makuu. Alitaka kuliona kaburi la mama, ambaye kwa miaka aliyohesabu hawezi kuwa hai, alipalilie, akae pembeni yake kidogo. Alilisema hilo mbele ya wenzake, kisha akainamia pasi yake.

Ili kumchangamsha, wakaanza kuutembea mji kwa mdomo. Wakapita duka la mikate, wakapita posta yenye dirisha moja, wakamsalimia kinyozi wa barazani na redio yake isiyoshika stesheni zaidi ya moja. Wakafika kwenye kibanda cha ndala, juu ya ngazi za ziwani, na hapo wote wakatabasamu. Watu wa kwao walikuja mjini na ndala, viatu vizuri mkononi. Wakifika waliosha miguu, wakavaa viatu, ndala wakamwachia mama mmoja wa kibandani, mji usije ukawaona washamba. Jioni wakirudi, wanabadilisha tena.

— Zangu ziko kule mpaka leo, alisema Breki. Nilidandia lori pale stendi nimevaa viatu, ndiyo ikawa basi.

— Na zangu, alisema Karani. Yule mama atakuwa ananilaani.

— Yule mnene? Jino la mbele limemeguka?

— Huyo huyo. Anakuita mwanangu kabla hujamwamkia.

Dobi aliinua pasi.

— Karani, wewe uliondoka kule Breki hajazaliwa.

Wakatazamana. Karani akasema basi watakuwa mtu na bintiye, mtoto wa nyoka ni nyoka. Breki akamuuliza kama na jino hurithiwa likiwa limeshameguka. Kahawa ikazunguka tena.

Wakati huo mteja alikuwa amefika mlangoni, binti muuguzi aliyehamishiwa hospitali ya karibu, na sare yake mkononi. Aliwaamkia, Dobi akaipokea na kumwomba asubiri kidogo. Breki hakusubiri mtu. Alishaanza kueleza kwa nini barua za mwenzake hazikujibiwa.

— Mji ule unahama, alisema. Ziwa likirudi nyuma, mji unalifuata. Barua inafika, inakuta uwanja mtupu.

— Mji unahamaje? aliuliza Karani.

— Wahenga walisema, mti hauendi ila kwa nyenzo. Sembuse mji.

— Hiyo inakupinga.

— Inapinga miti.

Karani alikuwa na lake, na alilitoa bila kucheka. Alisema mji ule ni kama mtego wa samaki. Kuingia unaingia kwa ngazi za ziwani, lakini kutoka ni kwa stendi tu. Asiyepanda gari anabaki humo humo.

— Mama yako aliingia kukusindikiza, Dobi, na basi hakupanda. Huenda hadi leo anazunguka mitaani na viatu vyake vizuri.

Dobi aliiweka pasi kando. Maneno yale yalimchoma, maana usiku mwingi amewahi kuliwaza jambo hilo hilo, akajikataza.

— Hapana. Mama alirudi nyumbani. Nilimwona kwa macho yangu.

— Samahanini wazee wangu, alisema muuguzi. Mnauzungumzia mji wetu? Mimi nimezaliwa nyuma ya lile duka la mikate.

Wakamkalisha benchini kama mtoto wao aliyepotea. Kibanda bado kipo? Kipo. Na mwenye jino? Yupo, kazeeka kidogo tu. Rafu zimejaa ndala mpaka juu, na wao watoto walikatazwa kuzigusa, waliambiwa zina wenyewe. Dobi aliposikia hayo, aliinama nje ya dirisha kwa furaha. Alitaka binti huyu, aliyeujua mji, amthibitishie.

— Nilikuwa dirishani kwenye basi, alisema. Stendi iko juu, barabara yote unaiona mpaka chini. Mama alivua viatu, akachukua ndala zake kwa yule mama, akashuka ngazi. Akarudi nyumbani.

— Akashuka ngazi, baba? Hakupanda?

— Akashuka. Sote tulikuja kwa ngazi zile.

— Kwa mtumbwi?

— Mtumbwi wa nini? alisema Breki. Kwa miguu.

Binti aliwatazama mmoja mmoja, kwa adabu, akitafuta anayemtania.

— Chini ya zile ngazi ni maji tu, alisema. Bibi yangu ana miaka tisini na anasema hajawahi kuona kingine. Sasa nyinyi mlikuwa mnatokea wapi?

Breki alitafuta methali, akakosa. Karani alisema polepole kwamba kwenye fomu zake zote, penye mahali pa kuzaliwa, yeye huandika jina la mji, kwa vile ndio ulio karibu. Karibu na nini, hakusema.

Dobi aliushika ukingo wa meza. Miaka yote hii ameulilia mji akidhani analilia nyumbani. Akautafuta mlango wa kwao, jiko la mama, jina la jirani yeyote. Duka la mikate lilikuja. Kinyozi akaja na redio yake. Akaukumbuka mkono wa mama ukimvuta kupanda, akarudi nyuma kwa kumbukumbu: ngazi ya tatu, ya pili, ya kwanza kabisa. Chini ya hiyo, pale ambapo binti alisema ni maji tu, hakukumbuka kitu.