Historia ya Lameck Matonya, Aliyepewa Uloto na Mdogo Wake Edina

Ndugu waombolezaji, familia imekubaliana historia hii isomwe yote, hata pale itakapowachoma baadhi yetu.

Lameck Matonya alizaliwa hapa Kongwa tarehe 14 Agosti 1961, akasoma shule ya msingi hapa hapa, akamaliza sekondari Dodoma mjini mwaka 1979, na mwaka 1982 akaajiriwa karani katika ranchi ya mifugo ya umma, hadi alipopunguzwa kazini mwaka 1993, mashirika yalipokuwa yakiuzwa, ndipo akafungua duka la dawa za mifugo. Alifunga ndoa na Yasinta tarehe 8 Oktoba 1988, wakajaliwa watoto watatu. Mdogo wake Edina alipoolewa na Hasani, Mwislamu, mwaka 1992, Lameck alisusa harusi, na tangu hapo hawakusalimiana.

Juni 1997 alianza kutokwa damu puani na kwenye fizi, madaktari wakagundua kuwa uloto wake, ule wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, umeacha kazi. Ukoo mzima ukamchangia damu, tena na tena, kwa moyo mweupe. Mwaka uliofuata akapelekwa India, na kati ya ndugu wote waliopimwa akalingana na Edina peke yake, naye Edina, bila kuuliza swali, akalala kifudifudi, akatobolewa mifupa ya nyonga. Uloto ule haukushika. Madaktari walieleza kwamba damu nyingi aliyoongezewa, hasa ya ndugu, huenda iliuzoesha mwili kupigana na chochote kitokacho kwa ndugu. Alirudi nyumbani, akauguzwa na Edina, akamwomba radhi mbele ya Yasinta, akafariki tarehe 9 Machi 1999.

Sasa inanong'onwa humu humu msibani kwamba Edina alitoa kwa kinyongo, kwamba damu ya mke wa Mwislamu isingeweza kukaa mwilini mwa Lameck. Jana shangazi wa marehemu aliwamwagia mbwa ugali na mlenda alioupika Edina, watu wazima na ndevu zao wakacheka, naye Edina akaokota sahani, akaenda kuziosha. Inatia kichefuchefu. Sisi tuliokunja mikono ya mashati kuchangia damu hatulaumiwi, kwa kuwa hatukujua, yeye analaumiwa kwa lipi?

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliochota maji, na wafanyakazi wenzake wa zamani. Chakula cha leo amekipika Edina, hakuna kingine, na atakayepakuliwa wa kwanza ni shangazi.

Pumzika kwa amani, Lameck, nasi tutakula.