Bi Punguza, Daktari Aliyeviogopa Vidonge Vyake Mwenyewe

Dada yetu tunayemzika leo, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Bi Punguza, alizaliwa Alhamisi, tarehe 9 Juni 1949, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa mtoto wa pili wa fundi wa injini na mshona nguo. Alikuja duniani na woga wake. Mama alikuwa akisema mtoto huyu alianza kulia kabla mkunga hajamshika sawasawa. Aliogopa kuku, aliogopa upepo ukipiga mabati, alimwogopa hata seremala aliyeleta kabati, eti kwa sababu alivaa kofia. Dada yake mkubwa, ambaye tunashukuru tunaye hapa, ndiye aliyemsindikiza chooni mchana kweupe na kusimama nje ya mlango akiimba, ili mdogo wake ajue bado yupo. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, na kwetu kicheko kilikwenda kweli. Mdogo wake anayesoma wasifu huu alikichangia kwa moyo mkunjufu.

Alianza shule ya msingi mwaka 1956, akaingia sekondari mwaka 1964, na mwaka 1970 akachaguliwa kusomea udaktari. Baba alipopewa habari hizo alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Wewe? Ukiona damu si utatutangulia sakafuni?" Binti yake akamjibu, "Nitaogopa huku naifunga, baba." Wenzake chuoni walisoma kwa kupenda, yeye alisoma kwa hofu ya kusahau, na kila ukurasa aliupitia mara mbili. Alihitimu mwaka 1976, na wala hakuzirai.

Alifanya kazi hospitali ya mji kwa miaka kumi na tano. Mwaka 1991 alipangiwa kutembelea makao ya wazee kila Jumanne. Siku ya kwanza alipita kwenye korido ndefu yenye sakafu nyekundu, inayonuka sabuni ya dawa, viti vimepangwa ukutani, na wazee wamekaa videvu vifuani saa nne za asubuhi. "Wametulia, daktari," muuguzi mkuu alimwambia. "Hapa hatuna shida kabisa." Ukimya ule ulimsisimua mwili. Baadaye alimwambia mumewe kwamba hajawahi kuogopa mahali kama alivyoogopa pale, maana watu walikuwa hai na hakuna aliyekohoa.

Akaanza kuulizia vidonge vyao. Mzee mmoja alipewa dawa ya presha, ikamvimbisha miguu. Akapewa ya kukojoa ili uvimbe upungue. Mkojo ukamnyima usingizi, akapewa ya kulala. Usingizi ukamwangusha, akapewa ya maumivu. Kila daktari aliongeza chake akaenda zake. Hakuna aliyerudi kutoa, kwa sababu anayetoa ndiye atakayelaumiwa mgonjwa akifa. Na baadhi ya vidonge hivyo vilikuwa vimeandikwa kwa mkono wake mwenyewe, enzi wazee hao walipopita wodini kwake.

Wa kwanza kumpunguzia alikuwa mwalimu mstaafu ambaye hakuwa ametamka neno tangu aletwe. Mtoto wake alikuja juu. "Baba ametulia, daktari. Ukimwamsha ukamuua, tutaonana." Dada hakuweza kula siku ile, lakini alianza, kidogo kidogo. Wiki ya pili mwalimu alitetemeka na kutukana watu wote hadi mpishi. Dada akahamishia meza yake chumbani kwa mwalimu, akawa anashinda hapo, roho mkononi, akisubiri balaa. Wiki ya tatu mzee alimtazama, akasema, "Wewe, kaa wima. Umekaa kama gunia." Dada alilia kama mtoto. Mwalimu akadhani amemkemea kupita kiasi, akamwomba radhi. Jina la Bi Punguza lilianzia hapo, na wazee ndio waliompa.

Lakini mafanikio humtia mtu upofu, na mwaka uliofuata yalimfika. Palikuwa na bibi mmoja, zamani muuza mikate, aliyemeza dawa iliyoandikwa kuwa ni ya maumivu ya mishipa ya miguu. Miguu haikuwa ikiuma tena, dada akaitoa. Makaoni hakuna aliyejua kwamba dawa hiyohiyo ilikuwa imekizuia kifafa cha ujanani. Bibi mwenyewe alikificha maisha yake yote, maana watu wangejua, nani angenunua mikate yake? Kifafa kilimwangusha kwenye sinki, akavunjika nyonga, na hakumaliza mwezi. Dada alikwenda mwenyewe kwa ndugu wa yule bibi, akaketi, akasema, "Dawa niliitoa mimi." Yule ndugu akamwambia, "Tungekwambia. Hukuuliza."

Maneno hayo hayakumtoka tena. Wengi walidhani ataacha, na yeye mwenyewe alitamani. Badala yake alijiwekea desturi ambayo hakuivunja hadi anastaafu mwaka 2012: hakuna kidonge kinachotolewa kabla ya kumuuliza mtu aliyemjua mgonjwa akiwa kijana, kinatolewa kimoja tu kwa wakati, na aliyekitoa hakai mbali. Mara moja kwa mwezi walikutana kwenye meza ya chakula, daktari, muuguzi mkuu, mfamasia na ndugu mmoja, na mzee mwenyewe akiketi mwanzo wa meza hata kama anasinzia. Makao mengine yakatuma watu wao kujifunza. Hakuwa adui wa dawa. Anayeumwa alimpa bila ubahili. Ila kila Jumanne alitoka nyumbani akiwa anaogopa kama siku ya kwanza.

Tarehe 3 Desemba 1977 alifunga ndoa na fundi umeme aliyekuja kubadilisha taa wodini. Alikuwa amekataa katakata fundi yule apande ngazi bila mtu wa kuishika, akaishika mwenyewe. Shemeji yetu husema hakupata nafasi ya kukimbia. Walijaliwa binti na mtoto wa kiume, na kwa miaka yote hiyo salamu ya Jumanne jioni ilikuwa moja: "Leo umempunguza nani, mama?"

Mwaka 2019 alianza kusahau, na alijigundua kabla yetu. Jumapili moja alimwita binti yake jikoni, akafunga mlango.

"Nitakuwa mwoga kuliko mnavyonijua," alimwambia. "Nitapiga kelele. Watataka kunilaza kwa dawa."

"Mama, tusiyaseme hayo."

"Tuyaseme. Nikiumwa nitibiwe, hata kwa dawa kali. Lakini woga wangu msiufunike kwa kidonge. Nikilazwa hivyo sitawajua, na mimi nataka kuwajua mpaka mwisho."

Binti aliahidi. Hakujua ameahidi nini.

Machi 2022 nyumbani kulishindikana, akahamia makao yaleyale aliyoyafanyia kazi. Woga ukaja kwa nguvu ambazo hatukuwahi kuziona. Koti lililoning'inia nyuma ya mlango lilikuwa mtu. Maji ya bomba la kuogea yalikuwa moto wa kumchoma. Alimng'ang'ania muuguzi mpaka kucha zikaacha alama, na kelele zake zilisikika hadi getini. Shemeji aliyevumilia kila kitu alifika mwisho. "Mpeni hicho kidonge," alisema mbele yetu sote. "Mwenzangu anateseka, na mimi nakufa nikiwa nimesimama." Binti hakujua asimame au akae, akihofia kwamba anamtesa mama yake kwa ajili ya neno lililosemwa jikoni.

Daktari kijana wa makao, aliyefundishwa na marehemu, alimvuta binti pembeni. "Naweza kuandika leo hii, dada. Hakuna atakayekulaumu."

"Wewe ungefanyaje?"

"Mimi naogopa vyote viwili."

"Basi tukae mezani kwanza, kama alivyokuwa akitukalisha."

Wakakaa, marehemu mwanzo wa meza, amekishika kitambaa cha meza kama kinaporwa. Akaulizwa aliyemjua zamani kuliko wote, dada yake mkubwa. Bibi huyu wa miaka themanini hakuzunguka. "Mnataka aache kuogopa? Huyu hajaacha hata siku moja. Sikumtoa woga mimi. Nilikaa karibu, basi."

Koti likaondolewa. Bomba likaachwa, akawa anafutwa kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Tukagawana zamu, ndugu na watumishi, asikae peke yake akiwa macho. Asidhani mtu kwamba alitulia kama tulivyotaka. Zipo siku alipiga kelele na sisi tukalia koridoni, na daktari kijana alikuja kila wiki kuuliza upya kama bado tunaweza. Lakini zipo na alasiri alizotuita mmoja mmoja kwa majina yetu, akatucheka, akamuuliza mumewe kama ngazi ameifunga vizuri. Shemeji hakutaja tena kidonge.

Mwanzoni mwa Novemba mwaka huu alipata homa ya mapafu. Alipewa dawa ya maumivu na ya kumsaidia kupumua, akaachwa macho. Jumanne, tarehe 12 Novemba 2024, asubuhi, binti yake alikuwa amemshika mkono. Kwa wiki nyingi mama yake hakuwa amemtambua. Akafumbua macho.

"Unaogopa?" akamuuliza.

Binti alikuwa amezoea kusema hapana. "Naogopa, mama."

"Sana?"

"Sana."

Marehemu akamwita kwa jina lake la nyumbani, lile la utotoni, ambalo hakuna mtumishi anayelijua. "Basi sogea," akamwambia. Binti akasogea, akalaza kichwa kwenye mto uleule. Mama yake akafa kabla chai ya asubuhi haijafika.

Ameacha mume, binti, mtoto wa kiume na wajukuu watatu. Dada yake mkubwa na mdogo wake huyu aliyekuwa akimcheka. Daktari kijana aliyemfundisha. Na wazee wa makao, ambao waliomba mlango wa gari letu uachwe wazi likipita getini kwao, ili wamwone. Wote walikuwa macho.

Usingizi huu hakuna aliyempa. Apumzike, dada yetu, na leo asiogope.