Sanduku Lisilozimwa

Babu yetu, ambaye mtaani walimwita Fundi Masafa, alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, kifungua mimba wa fundi cherehani. Alifuatiwa na mdogo wake mmoja tu, ambaye leo hayupo nasi hapa msibani; anaishi ng'ambo ya bahari.

Alimaliza kidato cha nne mwaka 1967. Mwalimu wa fizikia alimpa redio mbovu, akamwambia, "Ikipona ni yako." Ilipona siku ya tisa. Mwaka uliofuata aliajiriwa katika karakana ya redio za meli, akahudumu miaka thelathini na sita.

Mwaka 1974 alimwoa Bibi, wakajaliwa watoto watatu. Bibi aliwaambia wageni, "Mke mwenzangu yule pale mezani, ana taa na nyaya." Babu alijibu, "Na hajawahi kuninunia."

Mwaka 2012 mdogo wake alipoteza sauti kwa maradhi ya koo. Tangu hapo waliongea kwa redio kila Jumapili saa kumi alasiri, kwa kugonga milio ya nukta na vistari, kila herufi na mlio wake. Babu alisema anaujua mkono wa mdogo wake, anavyogonga, kama sauti. Lakini mawimbi yalifika hafifu mno, na redio ikipata joto huhama kwenye masafa yake. Kidogo tu, ila inatosha watu kupotezana. Ndipo kila mmoja akaunda sanduku la kupokea saa za setilaiti, zisizokosea, ili liishike redio mahali pake. Nilimuuliza, "Kwa hiyo, Babu, setilaiti zinawashika mikono?" Akacheka. "Zinatushika masikio!" Sheria ya nyumba ikawa moja: sanduku halizimwi. Likizimwa, hata likiwashwa tena taa yake huwa nyekundu kwa nusu saa nzima, redio ikiwa haijashikwa, kabla ya kurudi kijani.

Mapafu yalianza kumsumbua Januari mwaka huu. Jumapili tarehe 8 Juni 2025 alimwambia Bibi, "Leo namuaga mdogo wangu." Mchana ikaletwa mashine ya oksijeni. Soketi ilikuwa na matundu mawili, la redio na la sanduku. Mimi ndiye niliyechomoa sanduku.

Saa kumi kasoro dakika kumi aliona taa haiwaki. "Nani kachomoa?"

"Ni mimi, Babu. Nilitaka upumue."

"Umefanya sawa, mjukuu wangu. Sasa kimbia kaazime ekstensheni."

Nilirudi nayo mbio, nikachomeka sanduku, lakini saa kumi ilipofika taa ilikuwa bado nyekundu. Babu aligonga hivyo hivyo, akasikiliza, akagonga tena na tena. Kimya. Alifariki saa kumi na dakika kumi na tisa.

Dakika saba baadaye taa ikawa kijani, na mdogo wake akasikika, anaita. Bibi akaniambia, "Mjibu." Nilijua herufi chache, nikagonga polepole: KAKA AMEKWENDA. Kisha akauliza: ALINIITA?

Nikagonga: MARA SITA.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, na mdogo wake, ambaye Jumapili saa kumi atakuwa anasikiliza. Mungu ampumzishe Babu. Sanduku limewashwa.