Jibu la Vipimo Vinne

ROSWITHA: Haloo, nani mwenzangu?

OTTOKAR: Mimi, Ottokar. Hujambo?

ROSWITHA: Sijambo. Sauti inakatika.

OTTOKAR: Niko kwenye treni, naenda Graz. Mahandaki ya milima ya Semmering haya— jana ulisikiliza redio?

ROSWITHA: Nilisikiliza utunzi wako wa ala nne za nyuzi: fidla mbili, viola, selo. Hongera.

OTTOKAR: Ahsante. Nilijua wewe—

ROSWITHA: Swali la mwanzo, ule wimbo unaouliza, ni lako. Vipimo vinne vya muziki, linaishia hewani bila kufungwa. Jibu lake, vipimo vinne vinavyofuata, ni langu.

OTTOKAR: Jibu ni jibu, bwana. Wimbo unarudi nyumbani, basi. Yeyote angelifunga vile.

ROSWITHA: Yeyote angeiacha fidla ya kwanza iimbe, nyingine ziisindikize, kama ulivyofanya kwenye swali. Mimi nilizipa zote nne, kila moja wimbo wake. Jikoni kwangu, siku uliyoleta keki ya tufaha.

OTTOKAR: Ulikuwa mchezo wetu tu, Roswitha. Miaka kumi na moja, nauliza, unajibu—

ROSWITHA: Kipimo cha saba.

OTTOKAR: Kina nini?

ROSWITHA: Viola na selo zinashuka pamoja, zikiachana noti tano kila hatua, sambamba. Kosa la mwaka wa kwanza chuoni. Niliteleza, nawe ukanakili mpaka kuteleza kwangu.

OTTOKAR: [mkwaruzo] ...wahakiki wamekisifu hicho.

ROSWITHA: Nimesoma. Wamekiita ujasiri wako.

OTTOKAR: Nilitaka kukuambia, ila—

ROSWITHA: Jina langu lipo kwenye nota?

OTTOKAR: Zimeshachapwa. Toleo lijalo, nakuapia.

ROSWITHA: Sasa umenipigia kwa nini?

OTTOKAR: Sehemu ya tatu ya utunzi. Swali ninalo, jibu linanikataa. Mazoezi ni Alhamisi.

ROSWITHA: [kiti kinaburutwa sakafuni]

OTTOKAR: Upo?

ROSWITHA: Nipo. Liimbe.

OTTOKAR: Humu ndani? Watu wananitazama.

ROSWITHA: Imba.

OTTOKAR: [anaimba kwa sauti ya chini, vipimo vinne] Hapo ndipo ninapokwama.

ROSWITHA: Ni zuri. Zuri kuliko lile la kwanza.

OTTOKAR: Na jibu umeshalisikia. Nakujua wewe.

ROSWITHA: Nimelisikia. Lote, sauti zote nne.

OTTOKAR: Nina kalamu mkononi. Fanya upesi, handaki jingine hilo—

ROSWITHA: Safari njema, Ottokar.

OTTOKAR: Usikate. Roswitha, nipe hata selo pe—