Pembe Nne: Mchora Ramani Aliyeurudisha Mtaa Kwenye Skrini

Baada ya miaka thelathini na minne, miezi miwili na siku tisa za utumishi, mchora ramani mkuu wa idara yetu anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Hizo siku tisa ameziongeza mwenyewe kwa kalamu pembezoni mwa rasimu ya kwanza ya wasifu huu, akarekebisha na mkato mmoja, kisha akairudisha mezani kwangu. Huyo ndiye tunayemuaga, dada yetu wa idara nzima.

Aliajiriwa akiwa na umri wa miaka ishirini na sita, akapewa meza ya kuchorea yenye mguu mmoja mfupi. Hakulalamika. Alikata kisigino cha kiatu chake chakavu, akakitia chini ya mguu ule, akaanza kazi. Wino wa siku hizo haukuwa na mzaha: mkono ukitetemeka, mto unahamia shambani kwa mtu. Katika miaka kumi na mmoja ya kwanza alichora ramani mia mbili na sita, na iliyorudishwa ni moja tu. Kasoro yenyewe ilikuwa tone la chai. Mwenye chai, ambaye leo ni mkuu wetu wa idara, amewahi kukiri mara mbili na kukana mara tatu.

Jina la Pembe Nne alipewa na wapimaji. Kila akikabidhiwa ramani, alitazama kwanza pembe zote nne, ndipo akaja katikati. Walimcheka. Akawajibu kwamba katikati kila mtu anapaona, mambo hujificha pembeni. Jina likamganda, naye akaliandika kwenye kikombe chake ili asikose haki ya kulitumia.

Kompyuta zilipoingia, wengi wetu tulizipisha njia. Yeye alizizunguka kama mnunuzi anayekagua kitanda: akagonga, akainama nyuma, akafuata waya mmoja mmoja hadi mwisho wake. Idara ilipoleta televisheni kubwa ya ukumbi wa mikutano, kazi ya kuiunganisha na kompyuta ikawa yake. Hakupewa barua ya uteuzi. Ilitokea tu kwamba sisi wengine, kila tukichomeka, tuliishia kutazama kioo cheusi.

Ndiye aliyetufundisha kwamba picha kutokea ni jambo moja, na kuwa sahihi ni jambo jingine. Televisheni ile ina hesabu yake ya nukta, 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo. Kompyuta ikituma pungufu, picha hunyooshwa ili ijaze kioo, na kila kitu kinanenepa na kufifia. Tena kuna televisheni ambazo hata ukizipa hesabu kamili, huikuza picha kidogo na kula kingo zake. Alisema ni kama fundi cherehani kukupa suti iliyopimwa kwa jirani yako: utaivaa, lakini.

Elimu hiyo aliipeleka hadi ukweni, na huko haikupokelewa vizuri. Mama mkwe wake alikuwa ametazama picha iliyonyooshwa kwa miaka mitatu. Dada akashika rimoti, akairekebisha. Jioni mtangazaji wa taarifa ya habari akatokea na uso wake halisi. Mama mkwe aliweka sahani chini, akauliza kwa huzuni, "Huyu naye kapatwa na nini? Kakonda hivi." Alimwombea wiki nzima. Mwishowe shemeji yetu, mume wa dada, alirudisha picha ilivyokuwa, na mtangazaji akapona.

Ofisini, rimoti ya televisheni ya ukumbi ilikuwa chanzo cha vita. Kila mtu aliyeipata alibonyeza kitu. Dada akaificha ndani ya boksi lililoandikwa "Wino Uliokauka", akijua hakuna binadamu anayefungua boksi la namna hiyo. Mkuu aliitafuta kwa siku kumi na mbili. Dada alimsaidia kuitafuta.

Lakini tukio ambalo idara hii haitalisahau ni kikao cha mtaro wa maji ya mvua. Mkandarasi alikuwa aanze kuchimba Jumatatu. Ijumaa asubuhi wakazi arobaini waliitwa ukumbini waione ramani na kuiidhinisha. Dada alikuwa amekwenda kung'olewa jino. Mimi, mwandishi wa wasifu huu, nilimwambia mkuu asiwe na wasiwasi, maana kuchomeka waya mmoja si kazi ya kumsubiri mtu. Dada alikuwa ameshanionyesha ilipo rimoti, lakini sikuona haja hata ya kulifungua boksi. Nikachomeka, picha ikaja, nikakaa nikijipongeza.

Mkuu alieleza kwa dakika kumi. Kisha fundi seremala aliyekaa safu ya pili akasimama taratibu.

"Samahani, mkuu. Mtaa wetu wa nyuma ya soko uko wapi?"

Mkuu akageukia ukingo wa kulia wa ramani. Soko lilikuwepo. Baada ya soko palikuwa na fremu ya televisheni. Angenyamaza ingekuwa afadhali, lakini alisema huenda mtaa huo uko nje ya mradi.

"Tumeitwa kwa barua," alisema mke wa seremala. "Kama tuko nje, barua ilitufikaje?"

Minong'ono ikaanza. Mtu mmoja wa nyuma alisema kwamba kumbe wamekwisha kubomolewa kwenye karatasi, bado kwenye ardhi. Watu wakachukua mikoba yao. Mimi nilikuwa nikibonyeza kila kitufe kilichokuwa karibu, na kila nilichobonyeza kilizidi kuharibu.

Hapo mlango ukafunguka. Dada aliingia na shavu limevimba, pamba mdomoni, hawezi kutamka neno. Alisimama, akatazama pembe ya juu kushoto, ya juu kulia, kisha zile mbili za chini. Halafu akanitazama mimi. Jicho lile lilitosha kuwa barua ya onyo. Akaenda kabatini, akafungua boksi la wino uliokauka, akatoa rimoti. Mkuu akaona rimoti ilikokuwa siku zile kumi na mbili.

Dada aliingia kwenye menyu ya ukubwa wa picha, akazima ule ukuzaji. Kingo zikarudi pande zote, na pamoja nazo mtaa mzima wa nyuma ya soko, nyumba sitini na mbili na karakana ya seremala.

"Tumerudi," mke wa seremala alisema, akaketi. Ukumbi ukacheka.

Wengi tungeishia hapo. Yeye alitikisa kichwa, akaonyesha kwa kidole mzunguko wa barabara, ambao ulikuwa umelala kama yai. Akanisogeza kitini kwa kiwiko, akafungua mipangilio ya skrini ya kompyuta, na ile 1,024 kwa 768 niliyokuwa nimeiacha akaibadili kuwa 1,920 kwa 1,080. Yai likawa duara. Maandishi madogo yakasomeka. Na ukungu mmoja uliokuwa kando ya soko ukawa mstari mwembamba wa buluu: bomba kuu la maji la mtaa ule ule, likipita papo hapo chini ya mahali pa kuchimbwa mtaro.

Bomba lilikuwa limeingizwa kwenye ramani asubuhi ile, watu wa maji walipoleta vipimo vyao, na hakuna aliyekuwa ametazama bomba na mtaro kwa pamoja. Mkuu alisogea hadi pua ikakaribia kioo. Kisha akawaambia wakazi kwamba siku hiyo hakuna kuidhinisha. Mtaro ulisogezwa hatua kumi na moja. Ulichimbwa wiki mbili baadaye, na mtaa haukukosa maji hata siku moja.

Jumatatu mkuu alidai maelezo ya maandishi: nani alibonyeza nini hadi picha ikaharibika vile? Msimamizi wa vifaa alikuwa dada, hivyo aliyaandika yeye. Yako kwenye faili hadi leo, sentensi moja tu: "Televisheni ilikuwa ngeni, haikuifahamu mitaa yetu." Mimi simo. Nilikuwa na miezi mitano kazini, nikiwa bado kwenye majaribio. Badala ya kunishtaki, alinikalisha asubuhi tatu mfululizo, akaivuruga picha makusudi kwa kila njia, akanitaka niitengeneze kabla chai yangu haijapoa. Siku mbili nilikunywa chai baridi.

Wasifu huu unasomwa mbele ya mkuu, kwa hiyo sasa anajua nani alibonyeza. Naamini muda wa adhabu umepita. Kama haujapita, safari hii maelezo nitayaandika mwenyewe.

Amewafunza wachora ramani kumi na wanne, na wanne kati yao wanaongoza ofisi zao. Amelea watoto watatu, na ametuvumilia sisi, ambao hatuhesabiki. Tulipomuuliza atafanya nini kuanzia Julai, alisema amechora mamia ya mitaa ambayo hajawahi kuikanyaga. Yeye na mdogo wake wa kike wataitembea, mmoja mmoja, bila haraka.

Dada, ahsante kwa mkono usiotetemeka na kwa neno ulilolibana ili mwenzako abaki kazini. Shemeji, tunakurudishia mkeo mzima; viatu vya matembezi hayo mtavinunua wenyewe. Nawe dada, tunakutakia miguu yenye nguvu, njia zenye kivuli, na maisha mema kila kona utakayokata.